Phoenix: Kiyoyozi Kikifa, Andika Barua Kwanza

Juni ikiingia, simu yangu haipumziki. Wanaopiga huwa na habari moja: familia imetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, haijamaliza mwaka mjini, kiyoyozi kimezima, baba ameshamwambia meneja wa nyumba mara nyingi, na meneja kila siku anasema fundi yuko njiani. Nikiuliza nakala ya barua waliyompa, huwa kimya. Barua gani? Hapo najua kwamba familia hiyo italala kwenye joto, mwishowe itamlipa fundi kutoka mfukoni mwake, na huenda ikapelekwa mahakamani juu ya hayo.

Kwamba Phoenix kuna joto sitakufundisha. Mlango wa uwanja wa ndege ulishakueleza. Ila ujue kiasi chake. Mwaka 2023 jiji lilipita siku 31 mfululizo ambazo joto lilifika digrii 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi, na kaunti ya Maricopa ikahesabu vifo 645 vilivyotokana na joto au kuhusiana nalo. Wengi wa waliofia ndani ya nyumba walikuwa na kiyoyozi, lakini hakikuwa kikifanya kazi. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kiyoyozi ni anasa. Kanuni za jiji la Phoenix zinataka nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi iweze kupoa hadi digrii 82 za Farenhaiti au chini yake, karibu 28 za Selsiasi. Ikiwa nyumba ina kile kipozaji cha kupitisha hewa kwenye maji, kikomo ni 86. Kipozaji hicho, nikuonye, hufaa Mei na Juni hewa ikiwa kavu. Unyevunyevu wa Julai ukija hakina maana.

Sasa tuje kwenye karatasi, maana ndiko wengi wetu tunakoumizwa. Niliwahi kusimama kwenye kaunta ya ofisi ya meneja, simu mkononi, nikionyesha orodha ya mara zote nilizopiga. Binti aliyekaa nyuma ya kompyuta akasema bila kuinua macho kwamba kwenye faili langu hakuna ombi lolote. Mimi, niliyefundisha watoto wa watu kuandika barua za kikazi kwa miaka, nikaangaliwa kama mtu anayebahatisha. Tangu siku hiyo silalamiki kwa mdomo.

Barua yenyewe haihitaji ufundi. Weka tarehe, jina lako, namba ya nyumba, siku kiyoyozi kilipozima, digrii ulizozipima katikati ya chumba, na kama kuna mtoto mchanga, mzee au mgonjwa. Omba kitengenezwe. Andika Kiingereza chepesi. Mwanao wa shule anatosha kukusaidia. Piga picha ya thamostati na ya barua yenyewe. Kisha ikabidhi mkononi mbele ya shahidi, au itume kwa barua ya rejista. Sheria ya Arizona huihesabu barua ya rejista kuwa imefika siku ilipopokelewa au siku 5 baada ya kutumwa, lolote litakalotangulia. Meneja hawezi tena kusema hakuiona.

Ukishakuwa na barua, sheria ya wapangaji ya jimbo inaanza kukutazama. Kifungu cha 33-1361 kinakuruhusu kutoa notisi ya siku 5 kwa kasoro inayohatarisha afya na usalama. Zikipita bila matengenezo, unaweza kuvunja mkataba na kuhama. Kifungu cha 33-1364 kinahusu hasa mwenye nyumba anayeshindwa kutoa ubaridi aliopaswa kuutoa: baada ya kumtaarifu, unaweza kutafuta njia ya kujipoza kwa gharama ya kiasi na kuikata kwenye kodi, au kuhamia mahali pengine kwa muda, na kodi ya siku hizo huidaiwi. Tunza risiti zote.

Njia ya tatu ndiyo watu wetu wanaipenda, na ndiyo yenye mtego mbaya kuliko yote. Kifungu cha 33-1363 kinakuruhusu kutengeneza mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi, ikiwa gharama ni chini ya dola 300 au nusu ya kodi ya mwezi, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwanza umpe mwenye nyumba notisi ya siku 10, au pungufu kama hali ni ya dharura. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Kisha umkabidhi mwenye nyumba hesabu iliyochanganuliwa, pamoja na karatasi ya fundi inayokiri kwamba hana dai lolote juu ya nyumba hiyo. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika.

Tuna mafundi hodari sana katika jamii yetu. Namjua kijana aliyekuwa akifufua majokofu Bukavu kwa vipuri vya kuokoteza. Hapa anapanda paani saa kumi na moja alfajiri kabla bati halijawaka, anafungua kifuniko, anaona kapasita imevimba kichwani, anaibadili, na nyumba inapoa kabla watoto hawajaamka. Anaomba dola 60. Lakini hana leseni ya Arizona, na kwa mwenye nyumba risiti yake ni karatasi ya kufungia karanga. Ukikata hizo 60, umelipa kodi pungufu. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Usizuie kodi ati mpaka wakutengenezee. Kodi isipolipwa, mwenye nyumba anatoa notisi ya siku 5, kisha anakushtaki, na kesi za namna hii Arizona hazichukui muda. Utakuwa na haki juu ya kiyoyozi na bado utolewe kwa kodi. Ukilalamika kwa maandishi huku kodi imelipwa, akakupandishia kodi au kutaka kukuondoa ndani ya miezi 6, sheria humchukulia kuwa analipiza kisasi, na ni juu yake kuthibitisha vinginevyo.

Walionunua nyumba hawana meneja wa kumlaumu. Fundi kuja kutazama tu mara nyingi ni kati ya dola 80 na 150. Ile kapasita ambayo dukani ni dola 20 au 40, kwenye ankara ya kampuni hufika 150 hadi 400. Kompresa huweza kuzidi 2,000, na mtambo mzima mpya mara nyingi huvuka 8,000. Ukiambiwa gesi imepungua, uliza imevujia wapi, kwa kuwa gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa; anayejaza bila kutafuta tundu atarudi Agosti. Kama mtambo ni wa zamani unaotumia R-22, jua kwamba Marekani ilikomesha kuitengeneza na kuiingiza tangu 1 Januari 2020, ndiyo maana bei yake inatisha. Angalia leseni ya kampuni kwa Msajili wa Makandarasi wa Arizona kabla ya kusaini. Aliyeharibiwa nyumba anayoishi na mkandarasi mwenye leseni anaweza kuomba fidia kwenye mfuko wa serikali, lakini aliyeharibiwa na asiye na leseni hana pa kwenda. Na badilisha chujio kila mwezi wakati wa dhoruba za vumbi. Ni dola chache.

Umeme: kampuni ya APS haikati kwa deni kati ya 1 Juni na 15 Oktoba, lakini deni halifutwi.

 

Na wewe mpangaji, ukiletewa karatasi ya mahakama, nenda siku iliyoandikwa, hata kama huna wakili. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, hutozwi. Beba barua, picha na risiti zako. Usipofika, hukumu itatolewa bila wewe.