Mianzi: chakula au matenga?

Swali: Nina ekari moja bondeni, Njombe. Nataka kupanda mianzi niuze machipukizi ya kula na fito za kusukia matenga ya nyanya. Je, shamba moja litatoa vyote?

Jibu: Litatoa, dada yangu, lakini si kwa chipukizi lilelile. Mwanzi huota na unene wake wote; ukishatoka ardhini haunenepi tena, unarefuka tu na kukomaa. Kwa hiyo kila chipukizi unalokata leo ni fito utakayoikosa miaka mitatu ijayo. Wagema ulanzi (pombe ya mwanzi) wa huko kwenu wanalijua hili: ncha ikishagemwa, fito imekwenda.

Panda kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, takriban mashina 160 kwa ekari. Miaka mitatu ya mwanzo usikate kitu, nakusihi. Baadaye, katika kila kichaka acha machipukizi manene yakue, uvune yaliyosongamana yakiwa bado chini ya goti. Yamenye, yakate vipande, yachemshe hadi uchungu uishe, na maji umwage. Mabichi yana sumu ya sayanaidi.

Fito za kusukia zikate kiangazi, zikiwa na miaka mitatu hivi. Panga lipite juu tu ya kifundo cha chini. Ukiacha kikombe, maji ya mvua yatatuama humo na shina litaoza.

Soko la machipukizi bado ni jembamba, hivyo tafuta mnunuzi kabla ya kuchimba mashimo. Matenga yana wateja tayari.