Je, Waingereza Wana Adabu Kama Wanavyosifiwa?

Sifa ya mtu hutembea mbali kuliko miguu yake. Wako watu wengi ambao hawajaongea na Mwingereza hata siku moja, lakini wamesikia kwamba Waingereza wana adabu sana. Wamesikia kwamba husema tafadhali na ahsante kila mara, hawapigi kelele, na hujipanga foleni bila kusukumana. Lakini wapo wazee ambao wakisikia sifa hiyo hucheka. Wao waliwaona Waingereza wakati wa ukoloni, na wana yao ya kusema.

Sasa, nani anasema kweli? Leo tutalitazama jambo hili pande zote. Mwisho wa somo kikundi chako kitatoa hukumu.

Waingereza ni akina nani?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Nchi tunayoiita Uingereza ina sehemu nne. Sehemu hizo ni England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Watu wa England ndio Waingereza hasa. Ukimwita mtu wa Scotland kuwa ni mtu wa England, hatafurahi. Lakini sisi kwa mazoea huwaita wote Waingereza. Katika somo hili tunasema hasa juu ya watu wa England, na pia juu ya serikali ya nchi nzima, ambayo makao yake ni London.

Upande wa sifa

Kwa Mwingereza, kuomba kitu bila kusema tafadhali ni kukosa adabu. Hilo hufundishwa tangu utotoni. Mtoto akisema, "Nipe maji," mara nyingi mama yake hampi mpaka aongeze neno tafadhali. Dukani, mnunuzi husema ahsante na muuzaji naye husema ahsante, pengine mara mbili tatu kwa mkate mmoja tu. Katika miji mingi abiria akishuka kwenye basi humshukuru dereva.

Liko pia neno "sori". Sisi tuna maneno mawili, samahani na pole. Samahani husemwa na mtu aliyekosa. Pole huambiwa mtu aliyepatwa na jambo, hata kama anayesema hana kosa. Mwingereza hutumia neno lake moja kwa mambo yote mawili. Basi ukimkanyaga mguu, usishangae akisema sori yeye, yeye aliyekanyagwa!

Halafu iko foleni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili chakula kilikuwa haba Uingereza, na serikali ikaanza kukigawa kwa kipimo. Mgawo huo ulianza mwaka 1940 na haukwisha mpaka mwaka 1954. Kwa miaka hiyo yote watu walisimama foleni kwa ajili ya nyama, sukari na siagi. Watu waligombana pia katika foleni hizo, lakini mazoea yalijengeka. Mpaka leo, kupita mbele ya wenzako katika foleni ni aibu kubwa kule.

Mwezi Septemba 2022 alifariki Malkia Elizabeth wa Pili. Watu wapatao 250,000 walipita mbele ya jeneza lake London. Foleni ilifika urefu wa kilomita 16 hivi, na wako waliosimama saa nyingi, mchana na usiku kucha. David Beckham, mcheza mpira mashuhuri na tajiri, alisimama humo saa 12 kama watu wengine. Hili ni jambo la kusifiwa.

Maneno yanayozunguka

Lakini adabu ya Mwingereza ina mtego wake. Mara nyingi hasemi wazi anachotaka. Akisema, "Kwa heshima zote," jua kwamba anataka kukupinga. Akisema kazi yako "si mbaya," huenda anaisifu sana. Akisema, "Siku moja lazima uje kwetu ule chakula," usianze kujiandaa, maana hajakutajia siku. Wenyewe kwa wenyewe wanaelewana. Mgeni hupotea.

Kupotea huko kunaweza kuleta hasara kubwa. Mwezi Aprili 1951, katika vita vya Korea, kikosi kimoja cha Waingereza kilizingirwa na jeshi kubwa la Wachina karibu na mto Imjin. Inasimuliwa kwamba mkuu wao aliulizwa na jenerali wa Kimarekani hali ikoje. Akajibu kwa upole wa Kiingereza kwamba mambo ni magumu kidogo. Mwingereza mwenzake angeelewa kuwa wanaangamia. Mmarekani alielewa kuwa kuna ugumu kidogo tu. Askari wachache sana wa kikosi hicho waliponyoka, na mamia walitekwa.

Tazama pia Bunge lao. Humo mbunge haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Julai 2021 mbunge mmoja, mama Dawn Butler, alisema kwamba Waziri Mkuu, Boris Johnson, amelidanganya Bunge mara nyingi. Mama huyo akatolewa kikaoni. Juni 2023 kamati ya Bunge hilo hilo ilisema, katika jambo jingine, kwamba Johnson alilidanganya Bunge kwa makusudi. Hebu fikiri. Aliyesema neno kali alitoka siku ile ile. Mwenye kosa la kudanganya alichukua muda mrefu kufikiwa.

Upande wa lawama

Waingereza wote si wapole, wala siku zote si siku za foleni. Tarehe 29 Mei 1985, mjini Brussels, nchini Ubelgiji, mashabiki wa timu ya Liverpool waliwavamia mashabiki wa timu ya Juventus ya Italia. Watu walikimbia, wakabanana, ukuta ukaanguka. Watu 39 walikufa, wengi wao Waitalia. Baada ya hapo timu za England zilifungiwa miaka mitano kucheza mashindano ya Ulaya.

Liko pia suala la wageni. Kuanzia mwaka 1948 watu weusi wengi kutoka visiwa vya Karibi walikwenda Uingereza kufanya kazi, maana nchi ilihitaji wafanyakazi. Walipotafuta vyumba vya kupanga walikuta matangazo madirishani kwamba watu weusi hawatakiwi. Ilibidi zitungwe sheria mwaka 1965 na tena mwaka 1968 ili kuzuia ubaguzi huo.

Na sisi hapa tunakumbuka. Waingereza waliitawala Tanganyika baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, mpaka tarehe 9 Desemba 1961. Mwanamume mwenye mke, watoto na mvi kichwani, akifanya kazi nyumbani kwa Mzungu, aliitwa "boi". Maana ya neno hilo ni mtoto wa kiume. Shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika zilikuwa mbalimbali. Mezani bwana alimwambia mkewe tafadhali na ahsante. Akigeuka upande wa jikoni, aliita, "Boi!" Adabu ilikuwepo, lakini ilikuwa na mpaka, na sisi tulikuwa nje ya mpaka huo.

Neno lililokuwa gumu kusemwa

Sasa tufike penye kiini cha somo. Huko Kenya, mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kuwapiga vita Mau Mau. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1960. Watu wengi sana waliwekwa kizuizini. Wako waliopigwa na kuteswa vibaya, wanaume kwa wanawake.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walipeleka mashtaka London. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba mzigo huo ulihamia kwa serikali ya Kenya ilipopata uhuru. Mahakama haikukubali kuifunga kesi. Mwishowe, tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni. Alikiri kwamba Wakenya waliteswa, na akasema serikali inasikitika kwa dhati. Kwa ajili ya wazee 5,228 zingelipwa jumla ya paundi milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Lakini papo hapo alisema serikali ya leo haikubali kwamba inawajibika kisheria.

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Tatu alikuwa Nairobi. Alisema matendo yale hayana udhuru, na akaeleza huzuni na masikitiko yake makubwa. Hata hivyo hakuomba msamaha rasmi. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea watu wetu katika vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907.

Umeona tofauti? Mwingereza akikanyagwa mguu na mtu njiani husema sori mara moja, maana neno hilo halimgharimu kitu. Serikali yake ilipowakanyaga watu, neno lilikuwa gumu kutoka, kwa sababu hapo lingeweza kuleta deni. Walitupa "pole". "Samahani" haijafika.

Na sisi je?

Tusiwacheke wenzetu tu. Kila watu wana adabu yao. Mwingereza akitaka kuuliza njia husema tafadhali, kisha huuliza. Hasalimii kwa kirefu. Kwetu huyo ataonekana hana adabu, kwa kuwa hakusema hata "Habari za hapa?" wala hakumwamkia mzee shikamoo. Na sisi tukisema, "Naomba chumvi," adabu imo ndani ya neno naomba lenyewe, hatuongezi tafadhali. Mwingereza asiyejua Kiswahili vizuri huona tumemwamuru. Basi kila mmoja humpima mwenzake kwa pishi ya kwao.

Zamani, pwani, neno mwungwana lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana ulikuwa wa kuzaliwa, na wengine walifungiwa nje. Kwa hiyo hata sisi tumewahi kuwa na adabu yenye mpaka. Lakini wahenga wakaturekebisha wakasema: Muungwana ni kitendo.

Tumejifunza nini?

Waingereza wanastahili sehemu ya sifa yao. Foleni, ahsante na tafadhali ni mambo mema, yanafanya watu waishi pamoja bila ugomvi. Lakini maneno laini si haki. Mtu anaweza kukutendea vibaya kwa sauti ya upole.

Hili linatuhusu hata vijijini. Ukienda ofisini na shida yako, karani akatabasamu akasema, "Samahani mzee, njoo kesho," mjibu kwa adabu. Kisha toa kalamu, muulize tarehe, uiandike mbele yake. Sasa unajua kusoma na kuandika. Tabasamu halikumbuki ahadi, karatasi hukumbuka.

Maneno mapya

Kizuizini: mahali anapofungiwa mtu bila kuhukumiwa na mahakama.
Udhuru: sababu ya kujitetea.
Kuwajibika: kubeba mzigo wa jambo ulilolifanya.
Pishi: kipimo cha zamani cha nafaka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya pole na samahani? Toa mfano kutoka kijijini kwako.
2. Foleni ilizoeleka Uingereza wakati gani, na kwa nini?
3. Kwa nini mama Dawn Butler alitolewa Bungeni? Je, ilikuwa haki?
4. Serikali ikisikitika na kulipa fedha bila kuomba msamaha, je, imetosha? Kila mmoja aeleze sababu zake.
5. Andika barua fupi ya sentensi tano kwa ofisi yoyote, ukiomba jambo kwa adabu lakini kwa maneno yaliyo wazi.