Mkia wa Farasi: Yajue Haya Kabla ya Kuuchemsha

Mmea wa mkia wa farasi huuzwa ukiwa majani makavu, unga au vidonge, na husifiwa kwamba unakuza nywele, unaimarisha mifupa na kusafisha figo. Sifa hizo hazina ushahidi wa kutosha.

Mkia wa farasi hautoi maua wala mbegu. Ni jamaa ya kangaga, na huzaana kwa spora, chembe laini mithili ya vumbi. Shina lake lina uwazi ndani, limepigwa mifuo kwa nje, na lina vifundo. Ukilivuta, hukatikia kwenye kifundo. Lipitishe kati ya vidole utahisi linakwaruza kama msasa. Hayo ni madini ya silika, na ndiyo sababu watu wa Ulaya walilitumia zamani kusugulia vyombo vya bati. Silika hiyohiyo ndiyo inayotangazwa kwa nywele na mifupa, lakini sehemu kubwa haiyeyuki kirahisi. Hubaki kwenye machicha. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba chai yake hukuza nywele au kutibu mifupa.

Kuhusu figo, kinachoonekana kweli ni kuongeza mkojo. Mwaka 2014 watafiti wa Brazil walijaribu dondoo kavu la mmea huu kwa wanaume 36 wenye afya njema, na liliongeza mkojo karibu sawa na hidroklorothiazidi, dawa inayojulikana sana kwa wagonjwa wa presha. Lakini wanaume hao hawakuwa wagonjwa, na jaribio lilikuwa la siku chache. Tena, kukojoa sana si kupona UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo: bakteria wanaoyasababisha wanahitaji dawa ya kuwaua.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Mmea mbichi au uliokaushwa tu una kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, kinachoharibu vitamini B1. Farasi waliolishwa nyasi zilizochanganyika nao hutetemeka, hupepesuka, huanguka, na wengine hufa. Kuchemsha hupunguza nguvu ya kimeng'enya hicho. Unga unaokorogwa kwenye uji uliopoa haujapata moto huo. Anayekunywa pombe sana au asiyekula vizuri huenda tayari ana upungufu wa B1, na huyo asiuguse.

Msiuchume mtoni. Unaotumika kwa dawa ni Equisetum arvense. Kwenye kingo za mito ya Afrika Mashariki huota ndugu yake, Equisetum ramosissimum, na huko Ulaya kuna Equisetum palustre, wenye sumu kwa mifugo, ambao hata wazoefu huuchanganya na ule wa dawa.

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na mwenye ugonjwa wa moyo au figo wasiutumie. Anayemeza dawa za presha au litiamu amwulize daktari kwanza.

Mkojo ukiwa na damu, kukojoa kukiambatana na homa au maumivu ya kiuno, au mtoto akiamka uso umevimba, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo mkapimwe mkojo. Kama mgonjwa ameshakunywa chai hii, chukueni na pakiti yake mumwonyeshe mhudumu.