SOMO: Mukulima na mulinzi wa parki wajifunze pamoja

Kuko ulizo moja linalorudi kila mara tunapokaa nanyi karibu na parki: «Nyama wa serikali wamekula mahindi yangu, mimi na watoto tutakula nini?» Somo hili halitajibu lote. Litaeleza namna mafunzo ya ulinzi wa nyama wa pori yanaweza kusaidia shamba, na namna yanaweza kuwa bure tu.

Parki ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, kwa jina la Parki Albert. Kwa miaka mingi ulinzi ulikuwa kazi ya serikali peke yake. Mulinzi alifundishwa bunduki na doria. Mwanakijiji hakufundishwa kitu, aliambiwa tu pale mpaka unapita.

Upande wa Lubero na Walikale watu walijaribu njia nyingine. Mwaka 1998 viongozi wa mila wa Batangi na Bamate walikubaliana kutenga sehemu ya musitu wao kule Tayna, ambamo gorila wanaishi. Walipatana wenyewe: hapa tunalima, kule hatugusi. Kisha pale Kasugho kulifunguliwa shule kubwa ya ulinzi wa viumbe, na vijana wa vijiji vile vile wakaingia kusoma. Mwaka 2006 serikali iliitambua Tayna kuwa hifadhi. Haikuwa rahisi, maana vita ilipita pale tena na tena. Lakini angalieni mufuatano wa mambo: mapatano juu ya udongo yalitangulia, mafunzo yakafuata. Miradi mingi inaanza na mafunzo, na mambo ya udongo inayaacha kwa kesho. Ndiyo sababu watu wanarudi nyumbani na karatasi ya sertifika mukononi, na magomvi ni yale yale.

Sasa, mukulima ajifunze nini? Kwanza kutambua nani amekula. Nyani wanakuja muchana, wanaharibu zaidi ya wanavyokula. Nguruwe wa pori anakuja usiku na kuchimbua muhogo. Tembo pia anapenda usiku, hasa wakati mahindi yanakomaa. Gorila anapasua mugomba ili ale moyo wa shina, na pengine anatoa maganda ya muti wa kalitusi. Ukikosea nyama, utalala shambani usiku muzima kungojea muwizi anayekuja saa nne ya asubuhi.

Pili, kuandika. Kooperativi iwe na kaye moja kwa kazi hii tu. Siku nyama walipoingia, muandike: tarehe, saa, ni nyama gani, alama za miguu, ni mazao gani, yalikuwa na umri gani, sehemu iliyoharibika ina hatua ngapi urefu na ngapi upana, na walitokea upande gani. Mukimwambia mulinzi «wameharibu sana», atatikisa kichwa na kurudi kwenye ofisi. Mukimuonyesha kurasa za sezoni mbili ambamo nyati wanapita penye kijito kile kile, ni vigumu zaidi akatae kuja. Na ninyi wenyewe mutajua pale pa kujenga ukuta wa mawe au kuchimba mufereji, kuliko kuzunguka shamba lote bila nguvu za kutosha.

Tatu, kurudisha nyama bila kuumiza mutu wala nyama. Kule Bwindi, Uganda, wanakijiji walianza kufundishwa kazi hiyo mwisho wa miaka ya 1990. Vikundi vyao vinaitwa HuGo, na upande wetu wa Virunga viko pia. Wanatembea pamoja, polepole, wanamusukuma gorila arudi porini. Kumuzunguka ni hatari, kwa sababu akikosa njia ya kutoka atarukia watu. Imbwa wabaki nyumbani. Na mutu mwenye kukohoa asiende, maana gorila anashikwa na mafua yetu na yanaweza kumuua.

Mulinzi naye akae darasani, na mwalimu awe mukulima. Ajue kwamba sezoni A inavunwa karibu na mwezi wa kwanza na sezoni B karibu na mwezi wa sita, ili doria za mupaka ziongezwe wakati ule. Ajue kwamba gunia tatu za mahindi zilizopotea usiku moja zilikuwa minerval ya mutoto. Mafunzo ambamo mulinzi anasema tu na mukulima anasikiliza tu, sisi hatuyaiti mafunzo ya pamoja.

Mukiombwa kutuma watu, kooperativi yenyewe iwachague katika mukutano, si shefu peke yake. Chagueni mutu anayekaa kijijini, anayejua kuandika. Chagueni wanawake, kwa sababu mara nyingi wao ndio wa kwanza kufika shambani asubuhi. Tuseme wazi: kuko wenye kuenda juu ya perdiem, na mukutano unawajua kwa majina.

Jambo moja tunalishikilia. Mutu wa kaye si mupelelezi. Anaandika mambo ya shamba, haandiki jina la jirani aliyetega mutego au aliyechoma makala. Akianza hivyo, watu watamukimbia, na pale kuko vikundi vya silaha anaweza kupoteza maisha. Katika Virunga walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini, nao walikuwa na bunduki. Penye vita, hakuna mutu wa kutumwa musituni kuhesabu chochote.

Kwa vijiji vyenye musitu wa mila nje ya parki: dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba konsesyo ya musitu wao, hadi hekta 50.000, bila kuuziwa na bila mwisho wa muda. Ombi linataka karata ya mipaka, na karata inataka majirani wote wakubali. Anzeni kwa kuita vijiji vya jirani mutembee mupaka pamoja, wazee mbele, na mutu wa kaye nyuma yao.