Mtoto Amemeza Kitu? Liweke Kando Tonge la Ugali

Mwiba wa samaki ukikwama kooni, nyumba nyingi huleta tonge kavu la ugali liusukume. Mimi nakusihi uliache. Chenye ncha, kiwe mwiba, pini au kijiti cha meno, kikisukumwa huzidi kuchoma, na tumbo lililoshiba huchelewesha nusukaputi. Usimtapishe mtoto wala usimpe dawa ya kuharisha.

Uliza kwanza: amemeza nini? Sarafu au shanga, ikishafika tumboni, kwa kawaida hutoka na choo. Lakini apigwe eksirei, kwani huenda imekwama kwenye umio.

Betri bapa ya rimoti haisubiri asubuhi. Ikikwama kwenye umio huweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Kimbieni hospitali mkiwa na betri inayofanana nayo, maana kwenye eksirei huonekana kama sarafu. Mtoto aliyezidi mwaka 1, kama hazijapita saa 12 tangu aimeze na anameza vizuri, alambishwe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 njiani, isizidi mara 6. Hicho tu ndicho cha kumpa mdomoni. Wala msichelewe kwa kutafuta asali.

Sumaku ndizo zinazonitisha zaidi. Zikiwa mbili, hunasana kila moja ikiwa kwenye pindo lake la utumbo. Nyama iliyobanwa katikati hukosa damu, hufa, hutoboka, na mtoto huyo huyo jana alikuwa anacheza. Mpelekeni hata kama halalamiki.

Tumbo likikaza kama ubao, akapata homa, akatapika kijani au akaharisha damu, utumbo huenda umetoboka. Kilicho kwenye umio au tumboni mara nyingi hutolewa kwa mpira wenye kamera, bila kisu. Utumbo uliotoboka unahitaji upasuaji: daktari hutoa kitu, huosha uchafu uliomwagika na kushona tundu, palipooza hukatwa, ncha mbili zikaungwa. Pengine choo hupitishwa kwanza kwenye mfuko ubavuni, na baadaye utumbo hurudishwa. Nawaelewa wazazi wanaosita kutia saini kwa kuuogopa mfuko huo, ila mara nyingi ni wa muda, na uchafu ulioachwa tumboni huua.

Leo kabla ya kulala, shika rimoti na vichezeo vyote vya nyumbani. Kifuniko cha betri kilicholegea, kikaze kwa skrubu au ukifunge kwa utepe imara wa kunata.