Kazi Ina Mdomo, Mwili Hauna: Mafunzo Niliyopata Nikijipangia Saa Zangu

Ukisema unafanya kazi nyumbani na saa unajipangia mwenyewe, watu wa Dar es Salaam watakujibu neno moja: raha. Huna bosi, hugombanii daladala, hukai kwenye foleni. Mimi ni mfasiri na mhariri. Wateja wangu wako Nairobi, Ulaya na Marekani, na ofisi yangu ni meza iliyo pembeni mwa sebule, Kinondoni. Raha ipo, sikatai. Lakini saa za kujipangia hazikai wazi. Usipozipangia shughuli wewe, atazipangia mwingine: mteja, ndugu au simu. Haya ndiyo mafunzo niliyopata katika kuzigawa kati ya kazi, mazoezi na watu wangu.

1. Kazi ina mdomo, mwili hauna

Kazi hujitetea yenyewe. Ina tarehe ya kukabidhi, ina mteja anayepiga simu, ina ankara inayosubiri kulipwa. Familia nayo hujitetea: mtoto atakuvuta nguo, mama atapiga kuuliza mbona kimya. Mwili hunyamaza miezi na miaka, na ukija kusema husema kwa maumivu ya mgongo, kwa presha au kwa sukari. Ndiyo maana kwenye daftari langu la wiki mazoezi huandikwa kwanza, kazi ikafuata. Ukianza na kazi, mazoezi yatakaa yakisubiri nafasi, na nafasi haiji.

Kuna jambo jingine ambalo mwajiriwa hulipata bila kujua. Anayetoka Mbagala kwenda Posta hutembea hadi kituoni, husimama garini, hupanda ngazi, mchana hutoka kwenda kula kwa mama ntilie, jioni akarudia njia ileile. Yeye huiita shida. Miguu yake huiita mwendo. Sisi wa nyumbani tumeondolewa shida, na mwendo umeondoka nayo. Kutoka kitandani hadi mezani ni hatua chache, na hata kilichokosekana jikoni kinaletwa na bodaboda. Kwa hiyo muda tuliouokoa kwenye foleni si wote wa kutumia tupendavyo. Sehemu yake ni haki ya miguu. Mimi huanza siku ya kazi kwa kutoka nje kutembea kana kwamba nakwenda ofisini, kisha narudi mezani.

2. Jua halibembelezwi

Makala nyingi za mazoezi tunazosoma ziliandikiwa watu wa mbali na ikweta. Mtu wa London mwezi Juni ana mwanga hadi baada ya saa tatu usiku. Akimaliza kazi jioni bado ana mchana wa kutosha kukimbia. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Jua likizama, hakuna dakika za kukopa.

Ushauri wa kukimbia wakati wa chakula cha mchana nao haujaijua Dar ya Januari. Msimu wa kaskazi joto hupita nyuzi 30, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Kwenye unyevu mwingi linatiririka tu, na mwili unabaki na joto lake. Kukimbia saa saba mchana katika hali hiyo ni kujitafutia ugonjwa.

Kwa hiyo nafasi za kweli ni mbili. Ya kwanza ni baada ya swala ya alfajiri hadi jua linapoanza kuuma. Ya pili ni baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi. Wakati wa kusi, kuanzia Juni, hali hupoa na jua la asubuhi huchelewa kidogo kuuma. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara zetu hugeuka madimbwi, nami nahamia ndani: kuruka kamba, pushapu, skwati, kupanda na kushuka ngazi. Mwezi wa Ramadhani natembea polepole kabla ya futari, na mazoezi ya nguvu yanasubiri baada ya tarawehe. Ratiba inayofuata majira hudumu. Ile ya mwaka mzima isiyobadilika huvunjwa na mvua ya kwanza.

3. Ukichagua mteja, umechagua saa ya mazoezi

Hili hakuna aliyeniambia wakati naanza, na ni kubwa kuliko yote. Mtu hutazama malipo. Mimi siku hizi natazama pia mteja anaishi wapi.

Mteja wa Nairobi anafuata saa zilezile kama sisi, kwa hiyo asubuhi yake ni asubuhi yangu. Mteja wa Berlin yuko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Ofisi yake ikifunguliwa saa tatu asubuhi, kwangu ni saa nne au saa tano. Huyo ni mteja mwema kwa mkimbiaji: asubuhi nzima ni yangu, na mtu anayetaka kikao hatokei mpaka nimeoga na kunywa chai. Mteja wa New York ni habari nyingine. Yuko nyuma kwa saa saba au nane. Kikao chake cha saa nne asubuhi huniangukia saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni, yaani palepale penye mazoezi ya jioni, magharibi na chakula cha watoto.

Kuna pia mtego wa saa zinazosogezwa. Afrika Mashariki hatugusi saa zetu, lakini wenzetu huzisogeza mara mbili kwa mwaka. Marekani huzisogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa hiyo kuna wiki ambapo mmoja amesogea na mwingine bado, na kikao kilichokuwa kinapita salama kinakuja kukalia muda wa mazoezi. Siku hizo nimeziandika kwenye kalenda, nami huwaandikia wateja mapema tukubaliane upya.

Sisemi ukatae kazi ya Marekani, inalipa. Ninachofanya ni kuwapa wateja wa huko siku maalumu za vikao, na siku hizo mazoezi yangu huwa ya alfajiri. Siku nyingine jioni haiguswi. Wateja wengi hawana neno ukiwaambia mwanzoni. Wanaokasirika ni wale unaowaambia katikati ya kazi.

4. Sheria ya mwajiriwa inamfaa hata asiye na mwajiri

Anayejiajiri halindwi na saa za kazi za kisheria, lakini hakuna anayemkataza kuzitumia kama kipimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza kazi leo na kuanza kesho lazima zipite saa 12, na kila wiki mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika.

Jiulize: wewe unayejiita huru, unapata hata hayo? Wengi wetu tunajinyima kile ambacho sheria inamkataza mwajiri kumnyima mfanyakazi wake. Kipengele cha saa 12 ndicho kilichonifaa zaidi. Nikifunga kompyuta saa moja usiku, sirudi mezani kabla ya saa moja asubuhi, na katikati kuna usiku mzima na mazoezi ya alfajiri. Sheria hiyohiyo inahesabu kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku, na inataka ilipwe nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nami nimeweka nyongeza ya usiku kwenye bei zangu. Tangu hapo kazi zinazosemwa ni za dharura zimepungua sana, kwa kuwa dharura nyingi huweza kusubiri asubuhi zikishaanza kugharimu.

5. Dakika zinagawanyika

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Miongozo ya zamani ilitaka kila kipande kifike walau dakika 10 ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Kila mwendo unahesabika.

Kwa mtu wa saa zilizokatikakatika hiyo ni habari njema. Kwenda sokoni kwa miguu kunahesabika. Kuongea na mteja kwenye simu huku unazunguka uani kunahesabika. Kubeba ndoo za maji siku bomba limekauka nako ni mazoezi ya misuli, hata kama hakuna aliyekutoza kiingilio. Kipimo chepesi cha mazoezi ya wastani ni hiki: unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Kwa kipimo hicho wana mchakamchaka wetu ni watu wa ajabu, maana wao hukimbia huku wakiimba.

6. Kundi huamka hata kama wewe hujisikii

Mimi ni mwanamke, na kukimbia peke yangu kabla hakujapambazuka si jambo ninalomshauri mtu. Kundi limeniondolea hofu hiyo, na limenipa mengine ambayo sikuyatarajia.

Jiji hili limejaa vikundi vya jogging. Mwishoni mwa wiki utawakuta na fulana za rangi moja, wengine kwenye barabara za mitaa yao, wengine Coco Beach na Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Serikali nayo imelisukuma jambo hili. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Zanzibar, Januari mosi ni siku ya mazoezi kitaifa, na vikundi hutoka kwa wingi barabarani.

Lakini asiyekuwa ndani hudhani ni mbio tu. Kikundi kina daftari la michango. Mwanachama akifiwa, wenzake wanafika na ubani. Akijifungua, wanakwenda kumwona. Akikosekana wiki mbili, simu zinaanza. Anayefanya kazi peke yake nyumbani hana wenzake wa ofisini wa kumuuliza hali, na upweke huo huingia kimyakimya. Saa moja na nusu ya Jumamosi inanipa jasho, soga na watu wa kunizika. Ukiwa na muda mchache, tafuta shughuli inayolisha mambo mawili kwa pamoja.

7. "Si upo tu nyumbani"

Shangazi hupiga simu saa nne asubuhi. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba mwanangu. Hebu nisindikize hospitali, si upo tu nyumbani." Kwa watu wazima wetu, kazi ni kitu cha kwendea. Aliyekaa kwake na kompyuta anapumzika.

Kueleza kazi yangu hakukusaidia kitu. Kilichosaidia ni kutaja muda wanaoujua wote. Mpaka adhana ya adhuhuri sipokei mgeni wala sitoki, ila kwa dharura. Baada ya hapo nipo. Adhana haibishaniwi, na hata watoto wanaisikia. Upande wa pili nao unadai uaminifu: muda wa watu wangu ukifika, simu ya kazi inabaki chumbani. Mlango unaofungwa upande mmoja tu hauheshimiwi na mtu.

Na kuna mambo ambayo ratiba haiyawezi. Msiba hauombi miadi, na mgonjwa hasubiri ukabidhi kazi. Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya saa zangu: nakwenda kuzika bila kumwandikia mtu barua ya ruhusa. Ili niweze, ninapompa mteja tarehe huongeza siku moja au mbili juu ya zile ninazozihitaji. Zisipotumika, kazi inafika mapema naye anafurahi.

8. Bando la usiku si rahisi kama linavyoonekana

Intaneti ya usiku huuzwa bei nafuu, nyumba imetulia, simu hazilii. Ni rahisi kuhamishia kazi yote huko. Lakini mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na atakayelala saa tisa usiku haamki alfajiri kukimbia. Atakayelipa ni asubuhi, nayo ndiyo sehemu bora ya siku katika nchi ya joto. Kazi inayotaka kichwa naifanya kabla ya adhuhuri, usiku nalala.

Kama nawe unajipangia saa, au unakaribia kuacha kazi ya ofisini ili ujipangie, fanya jambo moja kabla ya wiki ijayo. Chukua karatasi, andika kwanza saa za kulala, kisha za mazoezi, kisha za watu wako, na mwisho ndipo uandike za kazi. Kama kazi haienei katika zilizobaki, umechukua kazi nyingi kupita kiasi: punguza mmoja wa wateja, au pandisha bei.