Adabu ya Kuulizana Majina

Enyi ndugu, ubaguzi wa kabila na rangi aghalabu huanzia ulimini. Tutazame Nyaramba, katika Nyamira. Wenyeji wake hujiita Abagusii. Kisii ni jina walilopewa na wengine. Wakipsigis, jirani zao, waliitwa Lumbwa zama za ukoloni, jina wasilojiita wenyewe. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi, majirani hao walimwagiana damu mpakani mwa Borabu na Sotik. Huku pwani nako, neno mshenzi limetupiwa watu wa bara tangu zamani.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, yakataza kuitana kwa majina ya kuudhi. Na aya ya 13 yatufunza kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Basi vijana wetu wakikutana na wenzao wa Uganda, Kongo au Uingereza kujadili ubaguzi, na waanze kwa kuuliza: “Ninyi mwajiitaje, na neno letu gani lawaumiza?” Kisha wasikilize mpaka mwisho, wasijitetee kabla ya kufahamu. Jina jema peke yake haliondoi dhulma. Lakini asiyempa mwenziwe jina lake, haki yake atampaje?